Mwongozo wa Mtu wa Kasigau Anayekwenda Kuokota Chaza Unguja

Kabla hujakata tiketi ya kwenda Unguja kukaa na wenyeji wako, angalia mwezi. Wanawake wa Chwaka, Uroa, Jambiani na Bweleo hawaendi kuokota chaza kila siku. Wanakwenda wakati wa bamvua, na bamvua huja mara mbili kwa mwezi: mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata. Siku hizo bahari ya Unguja hupanda na kushuka kwa karibu mita nne. Katikati yake kuna maji mafu, ambapo tofauti ya kujaa na kupwa ni kama mita moja tu, na pale kombe, chaza wa mchangani, wanapojificha hapafunuki. Ukifika wiki ya maji mafu utakula vizuri na utalala vizuri, ila pwani utaishia kuitazama kwa mbali.

Habari njema ni kwamba bamvua za Unguja zina saa zake. Siku za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na tena usiku saa kama hizo. Kila siku inayofuata saa hiyo husogea mbele kwa kama dakika hamsini. Kwa hiyo mtu akikualika "njoo mwisho wa mwezi", muulize ni mwezi upi, wa kalenda ya ukutani au wa angani. Kwa wenyeji wako, ambao wengi ni Waislamu, mwezi wa angani ndio unaopanga mfungo, sikukuu na pwani pia, na mama wa nyumba ataweza kukwambia tarehe yake bila kufungua simu.

Bamvua kubwa kuliko zote huangukia karibu na Machi na Septemba. Mimi ningechagua Septemba. Machi inapoisha masika inaanza, mvua husomba uchafu wa nchi kavu na kuutia baharini, na mtu wa Kasigau mwenye shamba hana sababu ya kuwa mbali wakati wa kupanda. Septemba kusi limeanza kupoa, barabara ni kavu, na huku kwetu watu bado wanangoja vuli.

Safari yenyewe haina siri. Toka Rukanga, Jora, Makwasinyi, Kiteghe au Bungule hadi Maungu, panda basi la Mombasa, vuka kivuko cha Likoni, endelea hadi Lunga Lunga, uingie Tanzania kwa Horohoro, kisha Tanga na Dar es Salaam, na boti ya mwendo wa saa mbili hivi hadi Unguja. Anayeishi upande wa Voi au Mwatate anaweza kupitia Taveta na Holili, ashukie Moshi. Beba pasipoti. Beba na kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, kwa sababu Kenya imo kwenye orodha ya nchi ambazo msafiri wake huulizwa kadi hiyo akiingia Tanzania. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Zanzibar pia inawataka wageni kutoka nje ya nchi wawe na bima ya safari inayouzwa hukohuko, kwa hiyo uliza mapema kiwango kinachomhusu raia wa Afrika Mashariki, usije ukashtukia bandarini. Mifuko ya plastiki iache nyumbani. Kenya iliipiga marufuku mwaka 2017, Tanzania Bara mwaka 2019, na Zanzibar ilitangulia zote mbili.

Ukiwa mgeni, wewe unayejua kupokea wageni

Watu wa Kasigau wana faida moja ambayo wasafiri wengi hawana. Vijiji vyetu vitano vina banda za wageni, na wengi wetu tumewahi kumpandisha mtu mlimani, mita 1,641, huku akitukatiza kila hatua kutuelezea jinsi milima ya kwao ilivyo mizuri. Tunamjua mgeni mzuri. Ni yule anayemfuata kiongozi, anauliza kabla ya kung'oa ua, na akichoka anasema amechoka. Ukishuka Unguja, geuza tu mambo: sasa kiongozi ni mama mwenyeji, na mlima ni mwamba uliofunikwa na maji.

Kuna jingine ambalo vijana wetu wengi hawalifahamu vizuri. Mwaka 1915, wakati wa vita vya Waingereza na Wajerumani, watu wa Kasigau walituhumiwa kuwasaidia Wajerumani, wakahamishwa kwa nguvu na kupelekwa Malindi. Wengi walikufa huko kwa maradhi ya joto ambayo mlimani hawakuyazoea, na waliosalia walikaa miaka mingi kabla ya kurudi. Kwa hiyo si kweli kwamba sisi na pwani hatujuani. Ila mara ile tulipelekwa. Safari hii unakwenda kwa mwaliko, na mwaliko una adabu zake.

Siku ya kufika, kabla ya yote, piga hodi na ungoje uitikiwe. Waamkie wakubwa shikamoo mmoja mmoja, si shikamoo moja ya kuwagawia chumba kizima. Mama wa nyumba mwite Mama au Bi pamoja na jina lake kama utakavyosikia wanawe wakubwa na majirani wakimwita, na bibi mwenye umri umwite Bi Mkubwa mpaka atakapokupa jina jingine. Mwenyeji wako huenda akakupeleka kwa sheha, kiongozi wa shehia, ili ujulikane kwamba upo. Usilichukulie kama usumbufu wa serikali. Siku ukikutwa peke yako pwani na kapu mkononi, kujulikana kwa sheha ndiko kutakakosema wewe ni mgeni wa nani.

Zawadi nzuri kutoka kwetu ni kikapu cha katani. Wanawake wa Kasigau wanasuka katani na kuitia rangi, wenzao wa Unguja wanasuka ukili wa miaa, na sijaona njia ya haraka zaidi ya kuwafanya wanawake wasiojuana wazungumze mchana kutwa kuliko kuweka vikapu viwili vya aina hizo kwenye mkeka mmoja. Ongeza sukari, mchele na mafuta ununue hukohuko dukani. Kama unakaa zaidi ya siku chache, toa mchango wa nyumba. Mpe mama mkononi, faraghani, mapema, wala usingoje siku ya kuondoka uutoe mbele ya majirani. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Chwaka watakupa kapu, na nakushauri uliombe mwenyewe siku ya pili.

Mavazi: mwanamke avae gauni refu au dera, afunge kanga kiunoni na nyingine kichwani, kama wenyeji wanavyofanya. Hilo si suala la heshima tu. Jua la saa nne juu ya mchanga mweupe linachoma kutoka juu na kutoka chini, na mtu wa mlimani huungua kabla hajatambua. Mwanamume avae suruali inayopita magoti. Miguuni usivae malapa, yatanaswa kwenye matope na kukuacha peku mahali pabaya. Vaa sandak, vile viatu vya plastiki vya kufunga, au raba kuukuu zilizobana mguu. Ukikuta mwezi wa Ramadhani, usile wala kunywa mbele za watu mchana, na usishangae kama pwani wanakwenda wachache.

Kuhusu wanaume: kuokota chaza na kombe, kwa sehemu kubwa ya Unguja, ni kazi ya wanawake na watoto. Wanaume wanakwenda na ngalawa au wanachokoa pweza mwambani, ingawa pweza wanawake nao wanamchokoa sana. Kwa hiyo kijana wa kiume wa Kasigau asijipachike kwenye kundi la kina mama kwa sababu tu amelala nyumba moja nao. Amwombe mwenyeji wake, na akiambiwa aende na vijana kwenye pweza, aende. Akiambiwa abebe ndoo za kina mama kutoka ufukweni hadi nyumbani, hiyo pia ni kazi, tena ile ambayo hakuna anayeigombania.

Kushuka na maji

Kama maji yanakupwa kabisa saa nne na nusu, ondokeni nyumbani kiasi cha saa mbili na nusu. Shuka huku bahari ikishuka. Anayefika saa nne na nusu kamili amechelewa, kwa sababu muda mfupi baadaye maji yanageuka. Upande wa mashariki wa Unguja mwamba unaweza kufunuka kwa zaidi ya kilomita moja kutoka ufukweni, na kilomita hiyo mtakwenda na kurudi kwa miguu, mara ya pili mkiwa na mzigo.

Kitu cha kwanza mtakachokipita ni mashamba ya mwani. Kilimo hiki cha biashara kilianza mwaka 1989 huko Paje na Jambiani, na mpaka leo wanaokifanya ni wanawake wengi kuliko wanaume. Utaona pegi zimesimama kwa safu na kamba zimetandikwa kati yake, mwani umefungwa kwa vikamba vya tai-tai. Zunguka. Usiruke kamba, usikanyage kati, usiokote hata kombe mmoja ndani ya shamba la mtu hata kama unamwona waziwazi. Shamba la mwani lina mwenyewe kama shamba lako la pojo, tofauti ni kwamba halina ua wa miiba wa kukukumbusha.

Baada ya mwani kuna mchanga wenye majani ya bahari, na hapo ndipo penye kombe. Usikimbilie kuchimba. Simama nyuma ya mama mwenyeji, utazame macho yake yanakwenda wapi. Kombe hajichimbii mbali, urefu wa vidole viwili au vitatu tu, lakini amefunikwa na mizizi ya majani na huwezi kumwona mwili. Kinachoonekana ni ufa mdogo mchangani, wakati mwingine wenye ukingo wa kahawia, na ukikanyaga karibu yake hurusha maji kidogo. Hapo mama ataingiza vidole kwa mlalo, si kwa wima, atapapasa mpaka aguse gamba lenye mifereji, kisha atalizungusha kidogo na kulitoa bila kung'oa majani. Atalisuuza kwenye dimbwi, atalipima kwa jicho. Likiwa dogo atalirudisha palepale na kulifukia. Wewe jaribu kwa vidole hivyohivyo. Jembe na koleo huharibu majani ya bahari, na majani yakiisha kombe nao wanahama.

Kuna chaza wengine warefu, wembamba, wanaosimama wima mchangani huku ncha ya gamba ikitokeza kidogo tu. Hao ndio wanaokata miguu ya wageni. Kwenye mikoko ya ghuba ya Chwaka, iliyo sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka tangu mwaka 2004, utakutana na tondo, konokono wa gamba refu la kahawia, wengi juu ya matope. Ndani ya hifadhi usiguse kitu mpaka mwenyeji akwambie mpaka uko wapi. Kwenye mawe, chaza wa mwambani wameshikamana na jiwe na hutolewa kwa kisu kizito au nyundo. Sikushauri uanze nao. Gamba lao linachana kiganja, na mkono uliochanika haufai tena kwa kombe.

Ukigeuza jiwe, lirudishe lilivyokuwa, upande uliokuwa chini uwe chini. Chini ya kila jiwe kuna viumbe waliojificha jua, na jiwe likiachwa kichwa chini wote wanakaangika kabla maji hayajarudi. Nimeona watu wazima, wasomi, wakitembea mwambani na kuacha nyuma yao mstari wa mawe yaliyopinduliwa. Kina mama huwa hawasemi kitu. Wanakutazama tu, na kesho yake hawakualiki.

Uliza pia kama kuna eneo lililofungwa. Vijiji kadhaa vya Unguja na Pemba hufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, na kamati za uvuvi za shehia ndizo zinazosimamia. Upande wa kusini magharibi, Ghuba ya Menai ni eneo la hifadhi tangu mwaka 1997, na vijiji vyake kama Fumba, Bweleo, Unguja Ukuu na Uzi vina taratibu zao. Mgeni akivunja, anayeitwa kwenye kikao ni mwenyeji wake.

Vitu vya kuogopa

Kwetu tunamwogopa ndovu kwa sababu ni mkubwa na anasikika. Pwani mambo ni kinyume, na kwa hiyo soma sehemu hii mara mbili.

Konokono mwenye gamba zuri lililochorwa, pana upande mmoja na jembamba upande wa pili kama karatasi ya kufungia njugu, usimguse kabisa. Ana mwiba wenye sumu anaoweza kuutoa nje ya gamba na kukuchoma hata ukimshika kwa nyuma, na kuna aina yake iliyowahi kuua watu. Usimtie mfukoni kwa sababu ni mrembo. Hilo ndilo kosa linalowapata wengi.

Samaki anayefanana na jiwe hulala juu ya mwamba akiwa na miiba mgongoni, na ukimkanyaga maumivu yake hayasimuliki. Tia mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kujiunguza, maana joto hupunguza nguvu ya sumu, kisha nenda hospitali moja kwa moja. Taa naye hujifukia mchangani penye maji ya magotini, na mkia wake una mwiba. Ukivuka maji ya aina hiyo buruta miguu, usiinyanyue, naye atakusikia na kuondoka. Wale viumbe wa duara wenye miiba myeusi mirefu wanaonekana wazi, na wanaowakanyaga ni wale wanaotembea wakitazama simu. Mwiba wao hukatikia ndani ya nyama. Wenyeji hupaka utomvu wa papai bichi, nawe ukubali, ila kidonda kikivimba baada ya siku mbili tafuta daktari.

Kinachoua watu wengi zaidi ya wote hao ni maji yenyewe. Maji hayarudi kwa mstari ulionyooka kutoka mbele kama unavyodhani. Yanaanza kuingia kwenye mikondo, na mikondo mingine iko nyuma yako, kati yako na ufuko. Unaweza kuwa umesimama pakavu, umeinama, kapu linajaa, na nyuma yako pameshafika kiunoni. Kwa hiyo sheria ni moja: mama mwenyeji akigeuka kurudi, geuka. Usiseme "nimalizie hapa". Hata kama kapu lako halina kitu, hata kama umeona kombe watatu mahali pamoja. Kama hujui kuogelea, na wengi wetu wa Kasigau hatujui, mwambie mapema, nyumbani, ili akuweke karibu. Usione haya. Yeye pia akipanda Kasigau utamshika mkono kwenye jabali.

Na simu iache nyumbani au ifunge vizuri. Ukitaka kupiga picha, omba kwanza, na ukikataliwa usiombe mara ya pili. Wanawake wengi hawapendi picha zao za kazini, wakiwa wamelowa na kanga imeshikamana na mwili, zizunguke mitandaoni. Wala usitangaze mahali mlipopata kombe wengi. Mama amelinda siri ya sehemu ile miaka yote, hukupewa ili uigawe.

Kapu ni la nani

Hapa nina msimamo na sitauzungusha: kila ulichookota ni cha mwenyeji wako. Mwagia kwenye kapu lake kabla hamjafika ufukweni, wala usisubiri uambiwe. Yeye ataamua kipi ni kitoweo, kipi kitauzwa kwa mafungu kwa jirani, kipi kitapelekwa kwa mama mkwe. Fedha ya chaza, kama ile ya mwani, kwa wanawake wengi wa pwani ni fedha iliyo mikononi mwao wenyewe, inanunua daftari la mtoto na dawa bila kumuuliza mtu. Mgeni anayeokota kombe ishirini akataka wapikwe peke yao ili apige picha ya "nilivyovua mimi" amekula sehemu ya daftari hilo.

Mkifika nyumbani kazi haijaisha. Kombe hutiwa kwenye ndoo ya maji ya bahari safi na kuachwa saa kadhaa wateme mchanga. Ukiruka hatua hiyo utausikia kwenye meno usiku. Kisha wanachemshwa mpaka magamba yafunguke. Gamba lililobaki limefunga baada ya kuchemka vizuri, litupe, wala usilifungue kwa kisu. Kombe akifunguka hutoa maji mekundu mfano wa damu, na mgeni hudhani ameoza. Hajaoza. Damu yake ndivyo ilivyo, nyekundu, tofauti na chaza wengi. Nyama hutolewa, huoshwa tena, kisha huungwa kwa kitunguu, nyanya, ndimu na tui la nazi, ikaliwa kwa wali au ugali wa muhogo. Jitolee kukuna nazi. Mbuzi ya kukunia itakuumiza kiuno siku ya kwanza, lakini jikoni ndiko utakakosikia habari zote ambazo barazani hazisemwi.

Kama hujawahi kula chaza maishani mwako, na ukiwa umekulia mlimani huenda hujawahi, kula kidogo sana mara ya kwanza, mmoja au wawili, kisha ungoje. Wapo watu ambao miili yao inakataa vyakula vya magamba. Ukihisi midomo inawasha au inavimba, ngozi inatoka vipele au pumzi inabana, sema hapohapo. Kubanwa pumzi ni la hospitali, halingoji asubuhi. Mwenyeji hatakasirika ukila kidogo, atakasirika ukimficha.

Usile chaza mbichi, na usile waliookotwa karibu na mji. Chaza hula kwa kuchuja maji, na kilichomo majini kinabaki mwilini mwake, vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo vikiwemo. Maji taka ya mji wa Unguja huingia baharini, kwa hiyo chaza wa ufuko wa mjini waache hata wakiwa wanono namna gani. Zipo pia nyakati ambapo vimea vidogo sana vya majini huongezeka na kuwatia chaza sumu isiyoondoka kwa kuchemsha. Wenyeji wakisema wiki hii hatuli, usiulize ushahidi.

Nyama ya kasa usiile popote. Kasa analindwa na sheria, na nyama yake mara nyingine huwa na sumu ambayo moto hauiui. Machi 2024, Kisiwa Panza huko Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walikufa baada ya kuila. Ukikaribishwa, sema daktari amekukataza, na ushikilie hapo.

Kurudi

Magamba usiyabebe. Yale makubwa yanayouzwa barabarani ni ya viumbe waliotolewa baharini wakiwa hai kwa ajili yako mnunuzi, na baadhi yao, kama lile chaza kubwa la mwambani liitwalo Tridacna, wamo kwenye orodha ya mkataba wa CITES, kwa hiyo kulivusha mpaka bila kibali ni kosa. Ukitaka kumbukumbu, nunua mkeka au kawa ya ukili kutoka kwa mama aliyekufundisha, kwa bei aliyosema yeye.

Siku ya kuondoka, aga kila nyumba uliyoingia, na sheha pia. Ukishuka Maungu piga simu kusema umefika, siku hiyohiyo. Halafu fanya lile ambalo wageni wengi wa Unguja, Wazungu kwa Waafrika, hawajawahi kulifanya: mwalike. Mama aliyekushika mkono kwenye mkondo naye ana haki ya kulala Bungule, kunywa maji yanayoshuka kutoka msituni na kuoneshwa mlima na mtu anayeujua. Chama cha kina mama cha kijiji chako kikichangishana nauli kwa mwaka mzima, fedha hiyo inapatikana. Mwambie aje baada ya mvua za vuli, na aje na ukili wake.